Namba Moja, Kichwa Kizima

Nyumbani, 3 Februari

Mume wangu mdogo,

Pokea salamu za mkeo mkubwa, ambaye bado yu hai na bado ana wivu. Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako alikuja mwisho wa mwezi akatuletea sabuni na maneno mengi. Yule paka uliyemwacha na mimba alizaa watano. Wanne tumegawa, mmoja kakataa kuondoka na sasa ndiye mwenye nyumba.

Utaona mwandiko umebadilika. Mwalimu jirani aliyekuwa akiniandikia amehamishwa, na macho yangu unayajua, yana ukungu kama dirisha la jikoni. Naona kitu kimesimama mlangoni, lakini kama ni mtu au kabati sijui mpaka kiseme. Simu nayo ni kelele tu sikioni. Basi katika nyumba hii ya watu wawili amebaki mmoja anayeweza kushika kalamu, na mwandiko wake hukuusahau, maana ndio ulioandika kwenye kila daftari lako la shule, "Soma, acha kuchora." Amekubali kwa masharti. Ataandika nitakachosema mimi, ila hatumi salamu, haulizi habari, na humu asiitwe Babu. Kwa hiyo tutamwita mwandishi.

(Mwandishi: Nimekubali kwa sababu hakuna mwingine.)

Nimesikia kalamu ikikwaruza na mimi nimenyamaza. Nimemwambia, ya kwake ayatie kwenye mabano, tusije tukachanganyana.

Sasa nije kwenye shida yangu. Humu ndani kuna mtu nywele zake zimefika pabaya. Tangu siku ile ulipozima mashine katikati ya kichwa chake, upande wa kulia umeisha na wa kushoto bado, ukaiweka mezani ukatoka na begi lako, hajakanyaga kwa kinyozi. Alijisawazisha kwa mkasi wangu wa kushonea, na sasa ni miezi tisa hajagusa tena. Utosini, unajua, ni uwanja wa mpira. Pembeni ni kichaka. Kila asubuhi anazivuta nywele za pembeni, anazilaza juu ya uwanja kwa mafuta, na upepo ukipita zinafunguka kama kifuniko cha birika. Huko madukani anakokwenda kukagua mizani wameanza kumwita Profesa, na si kwa heshima.

(Mwandishi: Ni mtu mmoja tu, na ni mjinga.)

Nimemwambia aende kwa kinyozi wa sokoni. Anasema hawezi kumpa kichwa mtu asiyemjua. Kichwa hicho umekishika wewe kila baada ya wiki mbili tangu una miaka kumi na mitatu, na ndicho ulichojifunzia. Kama si lile neno alilokutamkia siku ile

(Mwandishi: Hapa Bibi yako amesema jambo ambalo sikuliandika.)

Haya. Mimi ningemnyoa, ila kwa macho haya ningemtoa sikio. Imebaki ajinyoe mwenyewe. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini yeye si kinyozi, kwa hiyo methali haimkatazi. Mashine yako ipo. Kaifunga kwa kitambaa, kaiweka kabatini pamoja na mawe yake ya mizani, na haruhusiwi mtu kuigusa.

Tuandikie basi. Mtu wa miaka sabini na mmoja, mwenye upara, asiyetaka urembo wala usumbufu, anyoe namna gani, na akishanyoa aendelee vipi? Mengine ninayotaka kukwambia hayapiti kwenye kalamu hii.

Mkeo,
Bibi


Mjini, 21 Februari

Bibi, mke wangu wa kwanza, shikamoo.

Barua imefika kazini. Nilipouona mwandiko juu ya bahasha nilikaa kwenye kiti cha wateja bila kujijua, mpaka mwenye duka akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, kuna mtu kafufuka.

Mimi mzima. Chumba changu kiko juu ya duka la magodoro, kwa hiyo nasikia watu wakijaribu kulala mchana kutwa. Kazini tuna viti vitatu, changu ni kile cha mlangoni, penye upepo. Miguu inavimba jioni, lakini nimezoea. Mama aliniandikia, akasema goti lako linakusumbua zaidi ya unavyokiri. Na huyo mwandishi, shikamoo yake iko hapa. Akitaka aichukue, akitaka aiache.

Sasa huyo mtu wako. Kwanza aache kulaza nywele juu ya upara. Hadanganyiki mtu. Zile ndefu za pembeni ndizo zinazoutangaza utosi, na zikiwa fupi sana kote, jicho halijui upara umeanzia wapi. Wanakuja hapa watu wazima kila siku, wanakaa kitini, wanasema, "Nipunguzie kidogo tu," kana kwamba kila unywele uliobaki ni shamba la urithi. Namba moja, kichwa kizima. Namba mbili itamwachia kivuli kizito juu ya masikio. Wembe nao sitaki, kwa sababu unadai kurudiwa kila siku ya pili, na shingo yake inatoka vipele. Namba moja haihitaji chanuo wala mafuta ya nywele, na haina mtindo wa kuharibika. Kichwa anakiosha kwa sabuni ile ile ya uso.

Kitana cha mashine ni kile kipande cha plastiki chenye meno, kinachochomekwa mbele ya chuma. Vipo vinne kwenye boksi, na namba zimeandikwa ubavuni. Kwa kuwa ni msitu wa miezi tisa, aanze na namba nne kupunguza, ndipo aje na moja. Akichomeka kitana kilie "ta". Kisipolia hakijashika. Nywele ziwe zimeoshwa na zimekauka. Akae dirishani, kioo kimoja ukutani, kingine mkononi. Mashine iende kinyume cha nywele zinakolala, polepole, bila kukandamiza. Ile si pasi. Sikio alikunje. Nyuma, upande wa kushoto, nywele zake zinazunguka kama maji yanayoshuka kwenye tundu la beseni, na pale apitishe kutoka kila upande, la sivyo kitabaki kishungi.

Kisogo hatakiona vizuri hata kwa vioo viwili. Hapo ndipo unapoingia wewe, Bibi. Macho yako yana ukungu, vidole havina. Akimaliza, pitisha vidole kutoka shingoni kwenda juu. Palipobaki utapasikia. Mgonge hapo hapo, naye arudie. Halafu meno ya mashine yapigwe brashi, tone moja la mafuta ya cherehani, basi. Arudie kila baada ya wiki mbili.

Nimefurahi kusikia mashine ipo. Nilidhani ilishatupwa.

Mumeo mdogo


Nyumbani, 14 Machi

Mume wangu mdogo,

Salamu nyingi. Mama yako anakusalimu, anasema kuna hospitali wanaosha macho ya wazee, tutaona. Paka amejifungia kabatini siku mbili hatujui.

(Mwandishi: Marahaba.)

Jamani! Nimemuuliza kalamu imeandika nini, kasema "koma". Haya.

Nikueleze ya Jumamosi. Tuliweka kiti dirishani, nikamfunga shuka shingoni. Namba nne ilikwenda vizuri, nywele zilianguka kama manyoya ya mto uliochanika. Akachomeka namba moja, nikasikia "ta", nikajua mambo mazuri. Upande wa kulia akaumaliza. Sasa unamjua mwenyewe, mtu wa mizani, hawezi kuona uchafu kwenye chombo. Kitana kikajaa nywele, akakichomoa ili akipige brashi, mashine ikinguruma mkono wa pili. Na mimi na mdomo wangu nikasema, "Mwenye kazi yake angekuwepo, saa hizi tungekuwa tunakunywa chai." Akakasirika. Akarudisha mashine kichwani, kitana kikabaki mapajani.

Nilisikia sauti imebadilika, kama mtu anayekwangua sufuria. Mashine ikazimwa. Halafu akasema, "Mama yangu." Miaka arobaini na tisa ya ndoa sijamsikia akimwita mama yake. Nikapeleka kidole. Mume wangu, kuanzia juu ya sikio la kushoto mpaka kwenye uwanja wa mpira, barabara ya lami! Laini kama sahani, upana wa vidole vitatu.

(Mwandishi: Viwili.)

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikasema, "Hii barabara inakwenda wapi?" Nikasikia na yeye kifua kinamtikisika, kikajizuia, kikashindwa. Alicheka, wallahi. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Lakini baadaye alijitazama kwenye kioo peke yake, na tangu hapo anavaa kofia mezani, anavaa kofia kitandani. Jumatatu walimwita dukani kwa mbegu wakague mizani mikubwa, akasema ana mafua.

(Mwandishi: Nywele zote zilikuwa gramu thelathini na nane. Nilizipima zikiwa kavu.)

Sasa afanye nini? Jibu upesi, kabla hajaanza kuoga na kofia.

Mkeo,
Bibi


Mjini, 2 Aprili

Bibi, shikamoo. Mwandishi, shikamoo, na asante kwa ile koma.

Barua yenu imekaa posta siku kumi na moja, kwa hiyo nikiandika haya barabara imeshaota majani. Ila mjue kwa siku nyingine. Hilo likitokea, usijaribu kulificha. Unachomoa kitana, unapitisha mashine tupu kichwa kizima, kinakuwa sawasawa, na baada ya siku kumi kimerudi namba moja chenyewe. Nimecheka kwa sauti mpaka mteja akataka nimsomee. Mwambieni mnyoaji asione haya. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilimfanyia karani mmoja vile vile, na yeye alikuwa anakwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Picha hiyo atatembea nayo miaka kumi.

Kanuni ni moja. Kitana hakichomolewi mashine ikiwa inanguruma. Unazima, unapiga brashi, unachomeka, na kabla ya kurudi kichwani unakigusa kwa kidole gumba, kila mara, hata kama una hakika. Mimi mpaka leo nakigusa.

Na ya kuendelea nayo ni haya. Asisubiri mpaka zionekane ndefu, maana namba moja uzuri wake ni kutunzwa. Jumamosi ya kwanza na ya tatu, dakika ishirini. Katikati ya wiki shingo tu, chini ya kisogo. Mvi ni ngumu, apitishe mara mbili. Utosi sasa uko wazi, kwa hiyo juani avae kofia, na akitoka kuoga ajipake mafuta kidogo, ngozi isipauke. Mafuta ya cherehani ni ya mashine. Nasema hivi kwa sababu namjua.

Bibi, kuna jambo sijakwambia, naona bora niligeuzie ukurasa.

Wazee wakiingia hapa, nampa mwenzangu wa kiti cha pili. Nasema naumwa mgongo, au natafuta kijisababu nitoke nje. Mwenye duka anadhani nachagua wateja. Si hivyo. Nikishika kichwa chenye mvi, nikakunja sikio, nazima mashine. Naona kile kichwa nilichokiacha nusu. Mpaka sasa ni karibu mwaka, sijanyoa mzee hata mmoja.

Neno alilosema liliniuma na bado linauma, kwamba hakunilea ili nije kupangusa mabega ya watu. Nilitaka karakana yake ya mizani inishinde kwa heshima, niondoke kwa heshima. Lakini kumwacha mtu mzima na shuka shingoni, nusu kichwa, lilikuwa kosa langu peke yangu. Bibi, hili nilitaka likufikie wewe kwanza, ila anayekusomea ni yeye, kwa hiyo nimwambie mwenyewe. Babu, nisamehe. Kama naweza kurudi kukuona, niambie neno moja tu. Mwezi wa saba wanatoa likizo ya siku sita na nataka kuiomba.

Mjukuu wenu


Nyumbani, 9 Mei

Mume wangu,

Sisi wazima. Paka yuko. Barua yako ya mwezi wa nne tulisomewa, nami nimechelewa kujibu kwa sababu mwandishi kila siku alikuwa na kazi, mara wino, mara kichwa kinamuuma.

Nina ugomvi na wewe. Tangu lini mtu anamwandikia bibi yake kama karatasi ya maelekezo ya dawa? Gusa kitana, paka mafuta, Jumamosi ya kwanza na ya tatu, kwisha. Hukuniambia unakula nini, hukuniambia umelala vipi, wala kama unatukumbuka. Hata kwaheri hukuaga. Nilisema, "Soma tena, labda umeruka," nikaambiwa ndiyo mwisho. Mimi ni mke wa mtu gani, wa kuandikiwa habari za mashine tupu? Kama umetuchoka, sema.

Kichwa kinaendelea vizuri. Ameshanyoa mara ya nne. Zamu yangu ya vidole naifanya kwa bidii, nampiga konzi anapostahili na asipostahili. Uprofesa umekwisha. Mama yako kanipatia nafasi ya kufanyiwa jicho la kulia, ni mwisho wa mwezi wa sita. Naogopa, sitasema uongo. Wanasema ni dakika chache, lakini jicho ni jicho.

Leo mwandishi hana hata bano moja. Nimemuuliza kama anaumwa, kasema haumwi.

Bibi


Mjini, 28 Mei

Bibi, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la nililouliza. Sikuliona. Basi nimeelewa, sitauliza tena.

Jicho usiliogope. Mteja wangu mmoja alifanyiwa, akatoka siku hiyo hiyo akilalamika kwamba mkewe amezeeka. Siku tatu usiiname, na usilale upande huo.

Likizo ya mwezi wa saba mwenye duka alituuliza nani anaitaka. Mwenzangu aliinua mkono. Mimi sikuinua.

Nawaombea afya.

Mjukuu wako


Nyumbani, 10 Julai

Mume wangu wa macho,

Naandika mwenyewe! Herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, zinapanda mlima, lakini ni zangu. Jicho la kulia limefunguka. Mama yako aliponitoa kitambaa cha jicho, kitu cha kwanza nilichokiona ni kichwa cha babu yako kimeniinamia kitandani. Sikukitegemea. Kumbe kichwa kile kina umbo zuri, na mimi miaka yote nilikuwa nimeolewa na nywele. Fupi, safi, mvi zimelala kama vumbi la unga. Nilikishika kwa mikono miwili, macho yakaona kile ambacho vidole vilikuwa vinajua, nikalia, na daktari akanigombeza kwamba jicho halitakiwi machozi.

Sasa sikiliza. Juzi nilitoa kopo la barua zako nizisome mwenyewe, moja moja, maana nimekaa mwaka mzima nikisomewa. Nikafika kwenye ya mwezi wa nne. Mwishoni umeandika kwamba unageuza ukurasa. Nikageuza, hakuna ukurasa. Nikamwita. Nikamuuliza, "Ukurasa wa pili uko wapi?"

"Upi?"

"Alioandika mjukuu wako kwamba anaugeuza."

Akasema huenda ulisahau kuutia kwenye bahasha. Lakini masikio yale, mume wangu, tangu aanze namba moja hayana pa kujificha. Nilimtazama mpaka yakamsema. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, wa ndani, akautoa. Umekunjwa na kukunjuliwa mpaka umechanika kwenye mikunjo. Anaubadilisha kutoka shati hadi shati, na mimi nafua mashati yale sijui.

Nikamwambia, "Miezi mitatu?"

Akasema, "Nilikuwa nitakusomea."

"Lini?"

"Sauti ilikataa."

Basi nimeusoma. Nimesoma ulivyosema, na nikakumbuka nilivyokujibu, kwamba umetuchoka, kwamba barua ni ya mashine tupu. Na yeye alikaa pale akaliandika neno langu lile kwa mkono wake, bila bano. Nilimkasirikia siku nzima nisimpikie. Nisamehe, mume wangu. Nilikupiga konzi usiyestahili.

Lakini nikwambie lililonikaa rohoni zaidi. Si ugomvi wenu, ugomvi ni wa watu na utakwisha. Ni hilo la kuwakimbia wazee. Usijifanyie hivyo.

Nimemwambia babu yako hivi: "Sasa nina jicho, kazi ya uandishi imekwisha. Mabano yamefungwa. Ukiwa na la kusema, kaa uandike la kwako, utie sahihi yako." Tangu hapo anazunguka meza. Anainua kalamu, anaikagua kama jiwe la mizani, anaiweka. Mimi simwombei, na sikuahidi kwamba ataandika. Ila sitaki ukae ukidhani hukujibiwa kwa sababu hatukutaka.

Mkeo, sasa anayekuona,
Bibi


Karakana, 15 Julai

Mjukuu wangu,

Salamu. Barua hii naiandika mimi na ni yangu. Bibi yako hajaisoma. Anaendelea vizuri, jicho halina maji wala wekundu, na sasa anaona vumbi mahali ambapo sijui kama lipo. Mama yako mzima. Paka mzima.

Mimi si mtu wa kuandika mambo ya moyoni, utanivumilia. Barua yako ya Aprili niliisoma mara ya kwanza kwa sauti, Bibi yako akiwa amekaa mbele yangu. Nilipomaliza maelezo ya mashine niligeuza ukurasa, macho yakatangulia sauti mpaka mahali ulipoandika Babu, nikaona neno linalofuata, nikakunja karatasi nikasema ndiyo mwisho. Nilidhani nitalisoma kesho yake. Kesho yake sauti ilikuwa ile ile. Baadaye nikaona nimechelewa, na mtu akichelewa anaona aibu, na akiona aibu anazidi kuchelewa. Ulipoandika kwamba umeelewa, nilijua umeelewa vibaya, na nilijua ni mimi.

Nimekagua mizani miaka arobaini na sita. Mizani ikikosea, fundi halaumu mzigo. Nilikosea mara mbili, kwanza kwa mdomo, halafu kwa kunyamaza. Nimekusamehe tangu siku ile ile ulipotoka, nikiwa bado na shuka shingoni. Wewe ndiye ninayekuomba unisamehe.

Kazi yako sikuidharau kama nilivyosema. Ukweli ni kwamba nilikasirika kwa sababu ingekuchukua. Nilikuwa nimekwishapanga kichwani mwangu, meza yako pale, yangu hapa, mpaka nife. Sikukuuliza. Niliposikia unakwenda, nikatafuta neno la kukuumiza, na kwa bahati mbaya nikalipata.

Umeandika kwamba wazee unawapa mwenzako. Nakuomba usifanye hivyo. Acha nikwambie jambo ambalo kijana hawezi kulijua. Mtu akishazeeka, watu wanamheshimu, wanamwamkia, wanamwachia kiti, lakini hakuna anayemshika. Wewe ulikuwa unanishika kichwa mara mbili kwa mwezi. Ulipoondoka, nilidhani nilichokosa ni kunyolewa.

Watu wakiniuliza mjukuu wako anafanya kazi gani, mwaka mzima nimekuwa nikijibu kwamba yuko mjini, anahangaika. Jumanne nilikuwa dukani kwa mbegu, nimevua kofia ili niiname chini ya mizani mikubwa. Mwenye duka, yule aliyekuwa akiniita Profesa, akaniuliza nani ananinyoa siku hizi. Nikamwambia, "Mjukuu wangu. Ni kinyozi. Yuko mbali, ananinyoa kwa barua." Akacheka, akadhani namtania. Nikamweleza kitana, nikamweleza kidole gumba, nikamweleza kwa nini namba moja na si mbili. Ameomba nimwandikie kwenye karatasi.

Sijui kama likizo bado unaweza kuipata. Kama umeikosa, basi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu sikunyoa, na hii ya tatu inayokuja sitanyoa. Nimeuliza basi la kuja huko, na tarehe mbili Agosti nitakuwa hapo mlangoni, nipange foleni kama wengine. Zamu yangu ikifika, usinipe mwenzako.

Babu yako